Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Leseni, Usajili na Ada za Kuvua Baharini Marekani kwa Kujifurahisha

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtoto hutupa mshipi kutoka mwambani na hakuna anayemuuliza karatasi. Marekani mambo si hivyo. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi tena na tena miongoni mwa Waswahili waliohamia pwani za nchi hiyo, au wanaokwenda kuwatembelea ndugu zao kiangazi na kutamani kushika ndoana. Yanahusu kuvua maji ya chumvi kwa kujifurahisha na kwa kitoweo cha nyumbani. Uvuvi wa biashara una sheria zake na haumo humu.

## Mambo ya mwanzo

Je, ni lazima niwe na karatasi ili kuvua baharini Marekani?

Ndiyo, karibu kila mahali, ukishafikisha umri unaotajwa na jimbo. Sehemu nyingi umri huo ni miaka 16. Texas humwachia kijana mpaka afikishe 17, Washington huanza kudai leseni mtu akiwa na miaka 15, na Oregon huanza mapema zaidi, miaka 12.

Karatasi yenyewe hutofautiana. Florida, Texas, California na Massachusetts zina leseni au kibali cha kulipia. New York na New Jersey huandikisha wavuvi wa maji ya chumvi bila ada, lakini kuandikishwa ni lazima. Juu ya hayo kuna daftari la serikali kuu, ambalo ndilo huwachanganya watu kuliko kitu kingine chochote.

Daftari la serikali kuu ni lipi, na lina tofauti gani na leseni ya jimbo?

Jina lake rasmi ni National Saltwater Angler Registry, yaani daftari la taifa la wavuvi wa maji ya chumvi. Linaendeshwa na idara ya uvuvi ya NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa lililo chini ya Wizara ya Biashara ya Marekani. Kujisajili humo kulianza kuwa lazima tarehe 1 Januari 2010.

Leseni ya jimbo ni ruhusa ya kuvua katika maji ya jimbo hilo, na pesa zake huendesha kazi za jimbo. Daftari la taifa ni orodha ya watu: nani anavua, anaishi wapi, anapatikana kwa simu gani, na anavua pwani ya upande upi. Kuwa ndani ya daftari hakukupi haki ya kuvua katika maji ya jimbo lolote. Mtu aliyejisajili NOAA kisha akasimama ufukweni Florida bila leseni ya Florida amevunja sheria ya Florida, hata akionyesha namba yake ya taifa mara kumi.

Nalisema hili mapema kwa sababu nataka lishike: karibu kila anayeuliza kuhusu daftari la taifa halihitaji. Anachohitaji ni leseni au usajili wa jimbo lake. Serikali kuu hupokea majina kutoka kwenye orodha za majimbo yaliyokubaliana nayo, na mwenye karatasi ya jimbo kama hilo huhesabiwa kuwa amekwisha kusajiliwa.

Basi ni nani hasa anayetakiwa kujisajili NOAA?

Mtu wa miaka 16 au zaidi anayevua kwa mshipi au kwa mkuki, asiye na leseni wala usajili wa jimbo lililokubaliana na NOAA, na ambaye anafanya mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni kuvua katika maji ya serikali kuu. La pili ni kuvua samaki wanaoishi baharini na kupanda mitoni kuzaa, kama samoni, shadi na straipa, yule samaki wa fedha mwenye milia myeusi ubavuni. Kwa samaki hao haijalishi uko umbali gani kutoka pwani, alimradi uko katika maji yanayojaa na kupwa.

Tangu daftari lianzishwe, waliolihitaji zaidi ni wavuvi wa Hawaii, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani, ambako hapakuwa na leseni ya maji ya chumvi iliyoweza kulisha orodha ya taifa. New Jersey nayo ilikuwa kundi hilohilo mpaka mwaka 2011 ilipoanzisha daftari lake la bure.

Wasiohitaji ni hawa: walio chini ya miaka 16, wanaovua tu wakiwa abiria wa boti ya kukodi yenye leseni, wavuvi wa biashara wenye leseni zao, na wenye kibali cha samaki wakubwa wahamao (tazama swali la jodari na papa chini).

Maji ya serikali kuu huanzia wapi?

Kwa kawaida huanzia maili 3 za baharini kutoka pwani na kwenda mpaka maili 200. Kwa Texas, kwa Florida upande wa Ghuba ya Meksiko, na kwa Puerto Rico, maji ya kwao hufika maili 9, ndipo ya serikali kuu yanaanza. Aliyesimama ufukweni au gatini hawezi kuwa ndani ya maji hayo, kwa hiyo mvuvi wa nchi kavu huguswa na daftari la taifa pale tu anapovua samaki wa kupanda mitoni.

Kwa nini serikali ilianzisha mambo haya? Hatuwezi kuvua kwa amani?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na linastahili jibu refu.

Mpaka miaka ya 2000, serikali kuu ya Marekani ilikadiria samaki wanaovuliwa na watu wa kawaida kwa kupiga simu za nyumbani katika kaunti za pwani, bila orodha, namba zikichaguliwa kwa bahati nasibu. Simu nyingi ziliingia nyumba ambazo hakuna aliyewahi kushika mshipi. Mvuvi anayeishi bara na kusafiri hadi pwani hakufikiwa kabisa. Simu za mkononi zilipoenea, hata walioko pwani wakaacha kupokea simu za mezani. Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Utafiti lilichunguza utaratibu huo na kuukosoa vikali, likapendekeza orodha ya wavuvi wote. Bunge la Marekani likaliingiza pendekezo hilo katika marekebisho ya sheria ya uvuvi inayoitwa Magnuson-Stevens, ambayo Rais George W. Bush aliyasaini Januari 2007.

Hesabu ikikosewa, anayeumia ni mvuvi. Mwaka 2017 msimu wa changu mwekundu katika maji ya serikali kuu ya Ghuba ya Meksiko, kwa watu wenye boti zao, ulitangazwa kuwa siku 3. Siku tatu kwa mwaka mzima! Watu waliokuwa wameshanunua boti walilia, siku nyingine 39 zikaongezwa baadaye, na miaka iliyofuata majimbo ya Ghuba yakapewa mamlaka ya kupanga misimu yao. Moyo wa ugomvi wote ulikuwa swali moja: wavuvi wa burudani wanatoa samaki wangapi majini? Bila kujua wavuvi ni wangapi na wapo wapi, hakuna anayeweza kujibu.

Upande wa Atlantiki hali ni hiyohiyo. Straipa wengi wanaotolewa majini hutolewa na wavuvi wa burudani. Hesabu za mwaka 2022 zilipoonyesha kuwa waliobebwa nyumbani wamekaribia maradufu ya mwaka uliotangulia, Mei 2023 majimbo ya pwani yalipitisha hatua ya dharura: baharini, samaki wa kubeba awe kati ya inchi 28 na 31. Uamuzi huo ulitoka kwenye madodoso. Jina lako katika orodha ni sehemu ya dodoso hilo.

Je, hesabu zenyewe zimekuwa sahihi tangu daftari lianze?

Zimekuwa bora, lakini bado zinarekebishwa. Simu za nyumbani ziliachwa kabisa mwaka 2018, na mahali pake pakaja dodoso la posta. Dodoso hilo lilitoa makadirio makubwa zaidi ya safari za uvuvi. Mwaka 2023 NOAA wenyewe walitangaza matokeo ya jaribio: kwa kubadili tu mpangilio wa maswali, makadirio yalishuka kwa asilimia 30 hadi 40 katika jaribio hilo. Nawaheshimu kwa kulisema hadharani. Ila linaonyesha pia kwa nini kila anayeandikiwa barua anapaswa kuijibu kwa makini (tazama swali la barua ya dodoso).

Baadhi ya majimbo hujihesabia yenyewe. Texas imekuwa na utaratibu wake tangu miaka ya 1970, Louisiana ina wake, na pwani ya Pasifiki ina yake.

## Ada

Usajili wa taifa ni bei gani?

Mwaka wa kwanza, 2010, ulikuwa bure, kwa sababu sheria ilikataza ada yoyote kabla ya Januari 2011. Kuanzia hapo iliwekwa dola 15 kwa mwaka, na kiwango hubadilishwa kila baada ya muda. Kiasi unachotakiwa kulipa huonekana kwenye ukurasa wa NOAA kabla hujaingiza kadi. Usajili hudumu mwaka mmoja tangu siku uliyojisajili.

Na leseni za majimbo?

Tofauti ni kubwa. Kwa miaka mingi Florida imemtoza mkazi wake dola 17 kwa leseni ya maji ya chumvi ya mwaka, na asiye mkazi dola 47. Mgeni wa siku chache hukata ya siku 3 kwa dola 17 au ya siku 7 kwa dola 30. Mkazi wa Florida anayevua kutoka nchi kavu tu hupata leseni ya bure, lakini lazima aichukue. Massachusetts ilianza kibali chake mwaka 2011 kwa dola 10. New York ilijaribu leseni ya dola 10 mwaka 2009, wavuvi wakapinga, na mwaka 2011 ikageuzwa kuwa usajili wa bure.

Kuna pia viongezo vya samaki maalumu. Florida hudai kibali cha ziada kwa kamba mkubwa wa miamba. California hudai muhuri wa ziada kwa anayevua baharini kusini ya rasi ya Point Arguello. Texas hudai kiambatisho cha maji ya chumvi juu ya leseni, na leseni zake nyingi za mwaka huisha tarehe 31 Agosti hata kama umeinunua Julai. Hili la Texas huwaumiza wageni wengi: wakinunua mwishoni mwa msimu hupata wiki chache tu.

Samaki ni wa Mungu. Kwa nini nilipe?

Unalipia utunzaji, na kwa leseni za majimbo pesa hiyo ina mlinzi wa kisheria. Tangu mwaka 1950 Marekani ina sheria ya kurejesha samaki wa uvuvi wa burudani, inayojulikana kwa majina ya walioipeleka bungeni, Dingell na Johnson. Kodi hutozwa kiwandani na kwa waingizaji wa vifaa: asilimia 10 kwa vifaa vingi vya kuvulia, ikiwa na kikomo cha dola 10 kwa rodi, yaani fimbo ya kuvulia. Tangu 1984 huongezwa pia sehemu ya kodi ya mafuta ya boti. Pesa hizo hugawiwa majimbo, asilimia 60 kwa kufuata idadi ya wenye leseni na asilimia 40 kwa kufuata ukubwa wa eneo.

Jimbo likitaka mgawo huo, pesa za leseni haziruhusiwi kwenda kwingine. Haziwezi kutengeneza barabara wala kulipa deni la jimbo. Hukaa kwa idara ya samaki na wanyamapori. Kwa hiyo unaponunua leseni ya dola 17 unaingiza pesa hizo, na pia unaongeza kichwa kimoja kwenye hesabu inayoleta mgawo kutoka serikali kuu. Gati la umma unalosimama, njia ya kushushia boti, utafiti wa samaki wa pwani yako: vingi vimejengwa au kuendeshwa kwa mfuko huu.

Kuna siku za kuvua bila leseni?

Zipo karibu kila jimbo. Florida huruhusu maji ya chumvi bure Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya Juni, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving ya mwezi Novemba. California hutenga siku mbili kwa mwaka. Kinachosamehewa siku hizo ni leseni tu. Urefu wa samaki, idadi na misimu hubaki vilevile. Ukitaka kumwonjesha mgeni uvuvi bila gharama, panga safari kwa siku hizi.

Nimeona tovuti inayoahidi kunikatia leseni, lakini inatoza zaidi. Ni halali?

Achana nayo. Zipo tovuti za watu binafsi zinazotokea juu kabisa unapotafuta, zenye picha za samaki na bendera, zinazotoza pesa kwa maelezo ambayo jimbo hutoa bure. Mwisho wa yote unabaki huna leseni. Anza kwenye tovuti ya idara ya samaki ya jimbo lako, ambayo mara nyingi huishia na .gov, kisha fuata kiungo chao cha malipo. Au nenda dukani: maduka mengi ya chambo na maduka makubwa ya vifaa vya michezo hukata leseni papo hapo.

## Kujisajili

Nikijisajili NOAA wanataka taarifa gani?

Jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani, simu, na maeneo unayotarajia kuvua. Hufanyika mtandaoni au kwa simu. Unapewa namba ya muda papo hapo na unaweza kuvua siku hiyohiyo; kadi hufuata kwa posta. Taarifa zako hutumika kwa madodoso ya uvuvi na zinalindwa na sheria ya usiri.

Mimi si raia wa Marekani. Naruhusiwa kuvua?

Ndiyo. Leseni ya uvuvi wa burudani haiulizi uraia. Inachouliza ni kama wewe ni mkazi wa jimbo, kwa sababu bei ya mkazi na ya asiye mkazi hazilingani. Mtu wa Mombasa mwenye kibali cha kazi anayeishi Houston ni mkazi wa Texas kwa jambo hili akishatimiza muda wa kukaa unaotakiwa. Raia wa Marekani anayeishi Ohio si mkazi wa Texas.

Kila jimbo lina kipimo chake cha ukazi, kwa kawaida leseni ya udereva au hati nyingine yenye anuani. Usidanganye ili upate bei nafuu. Kujiandika mkazi bila kuwa mkazi ni kosa lenye faini, na tofauti ya dola thelathini haistahili hatari hiyo, hasa kwa mtu ambaye faili lake la uhamiaji bado liko wazi.

Fomu ya jimbo inaniuliza namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii. Ya nini?

Wengi huogopa hapa na kuacha. Sababu haihusu samaki wala uhamiaji. Sheria ya serikali kuu ya kufuatilia matunzo ya watoto huyataka majimbo yachukue namba hiyo kwenye maombi ya leseni za aina nyingi, zikiwemo za burudani, ili mzazi anayekwepa matunzo aweze kupatikana.

Ukiwa huna namba hiyo, kama walivyo watalii wengi, usibuni. Mwambie anayekuhudumia kwamba huna. Watalii kutoka nje hukatiwa leseni kila siku, mara nyingi kwa pasipoti. Ikiwa fomu ya mtandaoni inakukatalia, nenda dukani au piga simu idarani.

Mke wangu ana leseni. Tunaweza kuitumia wote wawili?

Hapana. Leseni ni ya mtu mmoja, na idadi ya samaki wanaoruhusiwa kwa siku huhesabiwa kwa kila mtu.

## Mazingira ya pekee

Baba yangu mwenye miaka 70 amekuja kutoka Tanga. Si wazee husamehewa?

Mara nyingi msamaha wa wazee ni wa wakazi tu. Florida humsamehe mkazi wa miaka 65 na zaidi. Mzee wa Tanga aliyekuja kwa miezi miwili anahitaji leseni ya asiye mkazi. Mkatie ya siku 3 au 7 kwa siku mtakazotoka.

Tena, kusamehewa ada si kusamehewa kuandikishwa. Massachusetts haitozi aliyefikisha miaka 60, lakini lazima awe na kibali. Virginia ina mpango wa utambulisho wa bure kwa ajili ya wale hasa wasiohitaji leseni, wazee wakiwemo. Maryland ina maeneo ya kuvua bila leseni, na bado unatakiwa kujiandikisha. Sababu ni ileile ya kuhesabu: mzee anayevua kila asubuhi hutoa samaki wengi kuliko kijana mwenye leseni ya bei ghali anayetoka mara moja kwa mwaka.

Nikivua kutoka gatini nahitaji leseni?

Inategemea jimbo na gati lenyewe. California haidai leseni kwenye gati la umma baharini, na wavuvi wengi wa kipato cha chini huishi kwa ruhusa hiyo. Kanyaga mchanga wa pembeni ukatupa mshipi, unahitaji leseni. Florida kuna magati yenye leseni inayowafunika wote waliomo. Uliza mlangoni kama hilo ni mojawapo. Majimbo mengine hayana msamaha wa gati kabisa.

Nimekodi boti yenye nahodha. Leseni yake inanitosha?

Kwa NOAA, ndiyo. Kwa jimbo, angalia. Leseni ya boti ya kukodi Florida huwafunika wateja. California na Texas kila abiria anayevua huwa na leseni yake. Muulize nahodha siku unapolipa, maana alfajiri mkiwa mnapanda hakuna duka lililo wazi. Na boti ya rafiki si boti ya kukodi, hata mkichangia mafuta.

Mimi huwarudisha samaki majini. Bado nahitaji leseni?

Ndiyo. Sheria inaangalia kitendo cha kuvua au kujaribu kuvua. Siku nzima bila kupata hata mmoja bado ulikuwa unavua. Hali kadhalika mtu "anayemshikia mwenzake rodi" wakati ndoana iko majini. Afisa akikukuta hivyo, maelezo hayatakusaidia.

Nina leseni ya Georgia. Naweza kuvua Puerto Rico?

Hapa ndipo sura mbili za sheria zinapoachana. Leseni ya jimbo lililokubaliana na NOAA inatimiza sharti la usajili wa taifa popote ulipo, kwa hiyo ukiwa zaidi ya maili 9 kutoka Puerto Rico huhitaji kulipa NOAA tena. Ndani ya maili hizo uko katika maji ya kisiwa na unafuata sheria zake. Baadhi ya majimbo ya New England, kaskazini mashariki, hutambua leseni za jirani zao, ila orodha ya nani anamtambua nani haifanani kutoka jimbo hadi jimbo.

Nataka kuvua jodari, nduaro au papa Atlantiki. Leseni ya kawaida inatosha?

Haitoshi. Kwa jodari, papa, nduaro, sulisuli na jamaa zao katika Atlantiki, Ghuba ya Meksiko na Karibiani, boti yenyewe inahitaji kibali cha NOAA cha samaki wahamao. Kibali ni cha boti, hulipiwa kila mwaka, na huwafunika waliomo upande wa serikali kuu. Anayetaka papa huongezewa sharti: mwenye boti hutazama video ya mafunzo na kujibu maswali kabla ya kupewa kiambatisho.

Ukileta nchi kavu jodari wa bluefin, unatoa taarifa NOAA ndani ya saa 24. Papa aina ya mako mwenye mapezi mafupi amepigwa marufuku kubebwa tangu Julai 2022. Akinasa, mwachie akiwa bado majini.

Naweza kuwauzia jirani samaki niliowavua?

Hapana. Samaki wa leseni ya burudani hauzwi, iwe mkahawani, msikitini au kwenye kundi la WhatsApp. Kumpa jirani bure ni sawa, lakini samaki huyo anabaki katika hesabu yako ya siku.

Afisa akinijia, afanye nini na nifanye nini?

Maafisa wa samaki na wanyamapori wana mamlaka ya polisi. Ataomba leseni na kitambulisho, kisha ataomba kuona samaki na kuwapima. Leseni kwenye simu hukubaliwa majimbo mengi, lakini chaji huisha na mtandao hukatika, ichapishe. Usikate kichwa wala mkia ukiwa bado majini, kwa sababu samaki asiyepimika huchukuliwa kama kosa. Kama hukuelewa swali lake, mwombe arudie polepole badala ya kuitikia tu.

Nimeletewa barua ya dodoso kuhusu uvuvi. Ni utapeli?

Dodoso la NOAA la posta hutumwa kwa kaya za pwani ya Atlantiki, Ghuba na Hawaii. Huuliza wangapi nyumbani walivua na mara ngapi. Halikuombi malipo; barua inayotaka namba ya benki si yao. Lijibu hata kama hukuvua kabisa, kwa sababu kaya isiyovua nayo ni jibu. Ukikutana na mtu mwenye ubao na rula bandarini anayetaka kupima samaki wako, huyo ni mhoji wa dodoso, hakuandikii faini.

Kaya za wahamiaji ni rahisi kukosekana katika hesabu kama hizi, kwa lugha na kwa woga. Gati tunalolitumia likionekana halina watu kwenye takwimu, hakuna atakayelitengea pesa za kulitengeneza.

Nikirudi likizo Malindi, karatasi hizi zitanifaa?

Hapana. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 na leseni zake hutolewa na Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Ukikodi boti ya uvuvi wa michezo Malindi au Watamu, muulize mwenye boti kama leseni imo katika bei. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa; eneo la akiba linalozizunguka lina kanuni zake, na nahodha wa hapo anajua mpaka uko wapi.